Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Nidhamu na Kuibia Kwenye Komyuniti Koleji za Marekani

Hii ni kwa ajili ya wanafunzi wetu waongea Kiswahili wanaosoma vyuo vya miaka miwili huku Marekani. Kuna waliokuja na viza ya mwanafunzi, F-1, kutoka Nairobi au Dar, kuna waliopitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Kakuma, kuna wamama wanaofanya kazi usiku na kusoma asubuhi. Mimi nasaidia wanafunzi kwenye masomo na kila muhula maswali ni haya haya, nikaona bora niyaweke sehemu moja. Kila chuo kina kitabu chake cha kanuni na hicho ndicho chenye neno la mwisho, ila mambo mengi yanafanana.

Huku kuibia ni nini hasa? Si ni mwakenya na kupiga chabo tu?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Mwakenya na chabo vimo, lakini orodha ya huku ni ndefu: kukopi maneno ya mtu bila kusema umeyatoa wapi, kuandika vipimo vya maabara ambavyo hukuvipima, kumfanyia mwenzio kwizi ya onlaini, kuweka kwenye marejeo kitabu ambacho hujakifungua au hakipo kabisa, kurudisha insha uliyoandikia somo lingine bila kumuuliza mwalimu wa somo hili. Na kumpa mwenzio kazi yako akakopi, hilo nalo ni kosa lako, sio lake peke yake.

Halafu vyuo vingi haviangalii sana kama ulikusudia. Kusema "sikujua" kunaweza kupunguza adhabu lakini mara nyingi hakufuti kosa, manake silabasi ulipewa wiki ya kwanza na kanuni zimeandikwa mle. Kwa hiyo silabasi isome yote, hasa ile sehemu ya katikati ambayo watu wanairuka wakitafuta tarehe za mitihani.

Nyumbani tulisoma kwa diskasheni, anayeelewa anawaelekeza wenzake. Huku ni kosa?

Kusoma pamoja sio kosa, tena walimu wengi wanapenda ufanye hivyo. Kosa linaanza pale kwenye kuandika. Chukua maabara ya kemia, mmepangwa wawili, mmepima pamoja, data ni moja, hapo hakuna shida. Lakini ripoti kila mtu anatakiwa aandike yake, sasa mwalimu anafungua ripoti mbili anakuta wote mmeandika gramu 4.7 pahali palipotakiwa mililita, na wote mmesahau jedwali la pili, na sentensi ya mwisho inafanana mpaka mkato. Majibu sahihi yakifanana hakuna anayeshangaa, ila makosa yakifanana hivyo hata mwalimu mpole ataandika ripoti.

Njia ninayowashauri watu: elekezaneni kwa mdomo na ubaoni mpaka kila mtu aelewe, kisha fungeni madaftari, kila mmoja aende akaandike peke yake. Faili lisitumwe WhatsApp, hata likiombwa la "kuangalia tu mfano". Najua kumnyima mwenzio ni kazi ngumu, unaonekana una roho mbaya, na pengine huyo mtu ndiye aliyekupokea airport. Mwambie njoo nyumbani nikueleweshe, hata saa nne usiku njoo, lakini faili sitoi. Huo ndio msaada utakaomfikisha mbali, manake kwenye mtihani hutakuwepo kumsaidia.

Kuna na hili la ndugu wawili nyumba moja, laptop moja, intaneti moja, darasa moja. Mfumo wa masomo ya onlaini kama Canvas unahifadhi kumbukumbu za kwizi, muda uliofungua, muda uliojibu kila swali, hata ulipoacha ukurasa wa kwizi ukaenda kwingine inaweza kuonekana. Mkifanya kwizi mmoja baada ya mwingine kwa laptop ile ile inatia shaka hata kama hamkuambizana kitu. Mwandikieni mwalimu mapema mwanzoni mwa muhula, mistari miwili inatosha, mwambieni sisi ni ndugu tunakaa pamoja tunatumia kompyuta moja. Imeili hiyo ikitangulia inasaidia sana, ikija baada ya kushukiwa inaonekana kisingizio.

Nikibadilisha maneno machache ya makala niliyosoma, bado ni wizi wa maandishi?

Ndiyo, kama hujataja ulikotoa. Na hata ukitaja, kama umefuata sentensi zake moja moja ukawa unabadilisha neno hapa na pale, walimu wengi bado watahesabu kosa. Soma aya nzima, funika skrini, sema kwa maneno yako hata kwa Kiswahili, ndio uandike kwa Kiingereza, halafu weka jina la mwandishi na mwaka. Ukikopi neno kwa neno weka alama za kunukuu. Mtindo wa marejeo, MLA au APA, utautajiwa kwenye silabasi, na maktaba ya chuo wapo watu wanaolipwa mshahara kukuonyesha jinsi ya kuandika, bure, nenda.

Wengi wetu tumetoka shule ambazo kukariri notsi za mwalimu na kuzirudisha vilevile ndiyo ilikuwa kufaulu. Sio kwamba ulikuwa unadanganya kule, ndivyo ulivyofundishwa, ila huku mwalimu anataka kuona wewe unafikiri nini na mwingine kasema nini, na mpaka kati ya hayo mawili uonekane.

Turnitin imeonyesha asilimia 30. Nimekwisha?

Tulia. Turnitin, programu ambayo walimu wanapitishia kazi zenu, inaonyesha maneno yanayofanana na yale yaliyo kwenye hifadhi yake, haisemi umeiba. Nukuu ulizoweka vizuri zitapakwa rangi, orodha ya marejeo itapakwa rangi, hata maelezo ya asaimenti ukiyakopi juu ya kazi yatapakwa rangi. Unaweza kuwa na 30 ukawa salama, na unaweza kuwa na 8 ambayo yote ni aya moja iliyobebwa nzima nzima, hapo una tatizo. Fungua ripoti yenyewe kama mwalimu ameruhusu uione, angalia rangi zimekaa wapi.

ChatGPT je? Na Google Translate?

ChatGPT ilitoka Novemba 2022 na tangu hapo vyuo vinahangaika na kanuni zake. Sehemu nyingi uamuzi ni wa mwalimu, kwa hiyo huyu wa historia anakataza kabisa, yule wa biashara anaruhusu ukisema umeitumiaje, na wote wako chuo kimoja. Usichukue ruhusa ya darasa moja ukaipeleka lingine. Silabasi ikiwa kimya, uliza kwa imeili ili jibu libaki maandishi.

Google Translate ni swali la watu wetu hasa. Unaandika insha kwa Kiswahili, unaitafsirisha, unawasilisha. Kwenye darasa la Kiingereza hiyo itakuletea shida manake kinachopimwa pale ni Kiingereza chako, sio cha mashine. Kwenye masomo mengine inategemea, tena uliza. Kutafuta neno moja moja ni kama kufungua kamusi, hilo sijaona mwalimu akiligombania.

Sasa hili la kusingiziwa nalisema kwa uchungu kidogo. Turnitin iliongeza kifaa cha kubaini maandishi ya akili bandia (AI) Aprili 2023, na kampuni nyingine nyingi zina vyao. Vifaa hivi vinakosea. OpenAI wenyewe, waliotengeneza ChatGPT, walikuwa na chao wakakiondoa Julai 2023 kwa sababu hakikuwa sahihi vya kutosha. Mwaka huohuo watafiti wa Stanford walichukua insha 91 za TOEFL, mtihani wa Kiingereza kwa wageni, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza sio lugha yao ya kwanza, wakazipitisha kwenye vifaa 7, na kwa wastani zaidi ya nusu ziliitwa za mashine wakati zimeandikwa na binadamu. Sababu ni kwamba sisi tunaojifunza lugha tunatumia maneno ya kawaida na sentensi zinazotabirika, na ndicho vifaa vinachokitafuta. Chuo cha Vanderbilt kilizima kifaa cha Turnitin Agosti 2023. Kwa hiyo ukishtakiwa kwa sababu ya namba ya kifaa peke yake, una cha kusema, na ukiseme.

Kinga yako ni kuandika mahali panapoacha nyayo. Google Docs inahifadhi historia ya faili, mtu anaweza kuona saa mbili usiku uliandika aya ya kwanza, saa mbili na nusu ukafuta nusu yake, kesho yake ukarudi. Insha iliyotungwa na mtu inaonekana hivyo, inakwenda na kurudi, ina mistari iliyokatwa. Iliyopestiwa inatokea yote kwa mpigo. Usiandike kwenye notsi za simu kisha ukapesti, utakuwa umefuta ushahidi wako mwenyewe.

Kuna mtu Nairobi anaandika asaimenti kwa bei nafuu na anajua kweli. Ubaya uko wapi?

Najua biashara hii ipo, na najua vijana wengi wenye digrii wanaoifanya kwa sababu kazi hakuna, siwatukani. Lakini kwa upande wako mwanafunzi hili ni katika makosa yanayohukumiwa vibaya zaidi, manake huwezi kusema ulipitiwa, umelipa. Pia unampa mtu usiyemjua pasiwodi ya akaunti ya chuo, ambayo ndani yake mna jina lako, anwani, na pengine taarifa za hela ya msaada. Wapo waliogeukwa, wanaambiwa lipa tena au tunamwandikia mwalimu wako. Na akaunti ikifunguliwa Nairobi saa moja baada ya wewe kuifungua Ohio, chuo kinaweza kuliona hilo bila hata kusoma insha.

Umekwama kwa sababu kazi ya usiku imekumaliza? Mwombe mwalimu siku mbili za nyongeza kabla ya tarehe kufika. Wengi wanatoa, na asipotoa, sifuri moja kwenye asaimenti moja inauma kidogo kuliko kesi.

Nimepata imeili inasema nimekiuka kanuni za chuo. Nifanye nini?

Kwanza ijibu. Hili ndilo ningependa kila mtu atoke nalo hapa. Watu wetu wengi hawaangukii kwenye kosa, wanaangukia kwenye kunyamaza. Imeili imekuja kwenye akaunti ya chuo ambayo hawaifungui, au wameifungua wakaogopa wakaifunga, wakasema Mungu atasaidia, siku ya mkutano ikapita na uamuzi ukatolewa bila wao. Kanuni za vyuo vingi zinaruhusu kabisa uamuzi utolewe ukiwa hujafika.

Jibu siku hiyohiyo, fupi: nimeipata barua, nitakuja, naomba kuona ushahidi mlio nao kabla ya mkutano. Usianze kujitetea kwenye imeili, na usimwandikie mwalimu ujumbe wa hasira wala wa kumlilia. Kisha kusanya vitu vyako: faili lenye historia yake, rasimu, picha za daftari, vitabu ulivyoazima, meseji na mwalimu, tarehe ulizokwenda kwenye kituo cha msaada wa masomo. Soma kwenye barua ni kifungu gani cha kanuni umeshtakiwa nacho, manake mara nyingine mtu anajiandaa kujibu kitu ambacho hakuulizwa.

Kama Kiingereza kinakupa shida kwenye mambo mazito omba mkalimani mapema, kwa maandishi. Vyuo vingi pia vinaruhusu uje na mtu wa kukusindikiza, ila mara nyingi haruhusiwi kukusemea, anakaa pembeni na kukunong'oneza. Usimlete shangazi mwenye hasira, mlete mtu mtulivu.

Mkutano wenyewe unakuwaje?

Mara nyingi ni chumba kidogo cha ofisi, meza, ofisa wa mambo ya wanafunzi na faili lake. Anazo kurasa mbili zimewekwa sambamba, yako na ile wanayosema umekopi, mistari imepakwa njano. Anakusomea shutuma, anakuuliza ilikuwaje, anaandika unachosema. Kesi kubwa zinaweza kwenda kwenye kamati yenye walimu na wakati mwingine wanafunzi. Kipimo chao sio kile cha mahakama ya jinai. Kwenye vyuo vingi wanaangalia tu upande gani una uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli, kwa hiyo vikaratasi vyako vidogovidogo vina uzito.

Kuna kitu cha malezi hapa. Kwetu kijana akigombezwa na mkubwa anainamisha kichwa, ananyamaza, anasema samahani hata kama hajakosea, ndiyo adabu. Pale mezani "samahani" inaandikwa kwenye faili kuwa umekiri. Unaweza kuwa na heshima zako zote, shikamoo zako zote moyoni, na bado ukasema kwa sauti ya kawaida: hapana, hii kazi niliandika mimi, na hivi ndivyo nilivyoiandika, angalia. Hawatakuona mkosefu wa adabu, wanategemea useme.

Na kama kweli ulifanya, sema ulifanya. Usitunge hadithi, manake ukinaswa na uongo mbele ya ofisa hilo ni kosa la pili, peke yake. Eleza ilikuwaje, ulikuwa kwenye hali gani, umefanya nini tangu hapo. Kosa la kwanza la mtu aliyekiri mara nyingi linaisha na adhabu ndogo na kozi fupi ya uaminifu wa masomo.

Nina haki gani? Wanaweza kunifukuza tu hivi hivi?

Chuo cha umma hakiwezi, na komyuniti koleji nyingi ni za umma. Mwaka 1961 mahakama ya rufaa ya serikali kuu ilisikiliza kesi ya Dixon, ya wanafunzi weusi waliofukuzwa chuo cha Alabama bila kusikilizwa baada ya kugoma kutoka kwenye mkahawa wa Wazungu pekee. Mahakama ikasema chuo cha umma lazima kimwambie mwanafunzi anashtakiwa nini na kimpe nafasi ya kujitetea kabla ya kumfukuza. Haki unayokwenda kuitumia kwenye kile chumba kidogo ilipiganiwa na wanafunzi wenzio, kwa hiyo itumie. Vyuo binafsi vyenyewe vinafungwa zaidi na kitabu chao cha kanuni.

Pia kuna sheria ya FERPA ya mwaka 1974, inayokupa haki ya kuona rekodi zako za masomo, na chuo kina siku 45 za kukuonyesha tangu uombe.

Adhabu ni zipi?

Onyo, kurudia kazi, sifuri kwenye kazi, F kwenye somo, kuwekwa kwenye uangalizi, kusimamishwa, kufukuzwa. Zinatofautiana na jimbo. California kwa mfano, yenye vyuo vya jamii 116, ofisi ya kansela ilishatoa ushauri wa kisheria kuwa mwalimu anaweza kukupa sifuri kwenye kazi uliyoibia, sio kukufelisha somo zima kwa tukio moja. Hukohuko mwalimu anaweza kukutoa darasani siku ya fujo na kipindi kinachofuata, lakini kufukuzwa chuo moja kwa moja ni uamuzi wa bodi ya wilaya ya chuo. Majimbo mengine mwalimu ana nguvu zaidi. Soma cha kwako.

Nikilidropu hilo somo kesi itaisha?

Mara nyingi hapana. Vyuo vingi vinazuia kudropu kesi ikiwa wazi, au vinakuruhusu halafu vinakurudisha na F. Na kudropu kuna gharama yake, angalia jibu linalofuata.

Nasomeshwa na Pell Grant, au niko na F-1. Itaniathiri vipi?

Wa Pell: hela hiyo ya msaada wa serikali kuu inataka uendelee vizuri, kawaida wastani wa 2.0 na kumaliza kama asilimia 67 ya krediti unazojaribu. F moja ya kuibia inaweza kukushusha chini ya mstari. Ukijitoa au kusimamishwa masomo yote kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, sehemu ya hela inarudishwa serikalini na unaweza kujikuta unadaiwa na chuo, na deni hilo linaweza kuzuia kujisajili muhula ujao.

Wa F-1, wewe kaa macho zaidi. Lazima uwe na krediti 12 kila muhula wa kawaida, na somo moja tu la onlaini ndilo linalohesabiwa humo. Ukitolewa kwenye somo ukashuka chini ya 12 bila ruhusa ya mshauri wa wanafunzi wa kigeni umepoteza hadhi yako. Ukisimamishwa au kufukuzwa, chuo kinalazimika kuliripoti kwenye SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, na zile siku 60 wanazopewa waliomaliza masomo vizuri wewe huna. Kwa hiyo mara tu imeili ya shutuma ikifika, mtu wa pili kumwona ni huyo mshauri, kabla hakijaamuliwa kitu. Baada ya uamuzi hana cha kufanya zaidi ya kubofya ripoti kwenye SEVIS.

Wazazi wataambiwa? Baba mdogo ndiye anayenilipia ada.

Ukishaingia chuo haki za FERPA ni zako, hata kama una miaka 17. Baba mdogo akipiga simu hawatamwambia mpaka usaini fomu. Kwa mzazi anayekuandika kwenye kodi yake kama tegemezi, chuo kinaweza kumpa taarifa, lakini hakilazimiki. Ushauri wangu, mwambie mwenyewe kabla hajasikia kanisani au msikitini.

Mbali na kuibia, nidhamu nyingine ni ipi?

Fujo, vitisho, wizi, kughushi nyaraka, pombe, silaha. Vitu viwili vinawashtua watu. Bangi: hata kwenye jimbo ilikohalalishwa, chuo kinachopokea hela za serikali kuu kinatakiwa kuikataza, kwa hiyo kuinunua kihalali dukani hakukusaidii kitu ukiwa kwenye parking ya chuo. Na usumbufu wa kijinsia: kumfuatafuata msichana aliyekwisha kukukataa, meseji zisizoisha, kumshika mkono, hayo huku yanaingia kwenye Title IX, sheria ya 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia kwenye elimu, na yana utaratibu wake mzito. Akikataa mara moja, imetosha. Na wewe dada unayefanyiwa hivyo, ofisi ya Title IX ya chuo ni yako, huhitaji kuvumilia ili usiseme vibaya kijana wa nyumbani.

Nimehukumiwa na naona nimeonewa. Nakata rufaa wapi?

Barua ya uamuzi inasema wapi na mwisho lini. Siku ni chache, vyuo vingine havifiki hata wiki mbili, na ukichelewa kwa siku moja mlango umefungwa. Rufaa sio kurudia hadithi kwa uchungu zaidi. Wanaangalia kama utaratibu ulikiukwa, kama kuna ushahidi mpya ambao hukuwa nao, au kama adhabu ni kubwa kuliko kosa. Chagua kimoja kati ya hivyo, kiandike juu kabisa, ushahidi ufuate chini yake kwa tarehe.

Malalamiko ya maksi peke yake yana njia tofauti na mara nyingi ni nyembamba, California sheria inasema maksi ya mwalimu ndiyo ya mwisho isipokuwa pawe na makosa ya hesabu au uandishi, ulaghai, nia mbaya au kutojua kazi. Usichanganye hizo njia mbili kwenye barua moja. Na kabla hujatuma mpe mtu wa kituo cha uandishi aisome, kisha tuma kwa imeili ya chuo, sio ya kwako binafsi, uhifadhi nakala.